Elfu Nne ya Nini?

Boksi lilifika Barabara ya Kumi na Tatu
juu ya guta la Shekiondo, limefungwa kamba ya katani,
pana kuliko mlango. Tukang'oa ubawa mmoja,
ule wenye komeo, ndipo tivii ikaingia ubavuubavu
kama mgeni mwenye kanzu mpya anayeogopa chokaa.

Mimi ndiye fundi. Miaka ishirini na sita
nimezifungua tivii za chogo za Ngamiani nzima,
nazijua kwa vumbi lake, kwa harufu ya risasi ikiyeyuka,
kwa mende waliofia ndani wakifuata joto.
Nimekula na nimesomesha kwa maradhi ya machogo.
Hii haina chogo. Haina hata pa kuipiga kofi.

"Hapo pameandikwa nini?" akauliza Bi Mwanamkasi.
Nikamsomea: foo kei.
"Ndiyo nini?"
Elfu nne.
"Elfu nne ya nini? Ya unga au ya umeme?"
Ya vidoa, Bi Mkubwa. Vidoa vya mwanga,
kwenda upana vinakaribia elfu nne,
ukivijumlisha vyote vinapita milioni nane.
Akaguna. "Na Hemedi kavihesabu huko Maskati,
au kauziwa kwa kukisia?"

Ukuta ulikataa misumari. Chokaa, kisha udongo,
kisha fito zilizochoka; keekee ikazama kama kidole katika boga.
Tukaondoa sahani za maua juu ya kabati,
na kitambaa alichofuma akiwa mwari,
tukaisimamisha hapo.

Nilipowasha, sebule ikanyamaza.
Tukaona tone la jasho kwenye kope ya golikipa,
tukaona uzi uliofumuka kwenye soksi yake.
Likaja tangazo, chungwa limepasuliwa:
machungwa ya Muheza tunamenya kila siku,
na hatukuwahi kujua chungwa lina vinyweleo.
Kitoto cha jirani kikaenda kulinusa.
Kisha msomaji wa habari, poda imekatika kwenye makunyanzi,
na Bi Mwanamkasi akavuta mtandio kichwani.
"Huyu ananiona."

Akaingia chumbani. Akarudi na flashi ndani ya leso,
imefungwa fundo kama pesa ya mchezo.
Harusi ya Zuhura, mwaka tisini na saba;
mimi mwenyewe niliihamisha kutoka kwenye mkanda.
"Nitolee Mbwana."

Marehemu Mbwana anapita uani na dele la kahawa.
Sekunde tatu, basi; mpiga picha alikuwa anamtafuta bwana harusi.
Akapita.
Uso wake ulikuwa viraba,
saba, pengine vinane, kama vigae vya choo cha kulipia.
Jicho, kiraba kimoja cha kahawia.
Kicheko kimekuwa ngazi.

"Mrudishe."
Nikamrudisha. Akasogea, akarudi nyuma hadi mlangoni,
pale pasipo na ubawa.
"Mbona wamemkatakata?"
Nikamweleza: kamera ya siku zile iliokota kidogo,
na kioo hiki hakiongezi, kinatandaza tu kilichopo.
Alikaa kimya mpaka nikatamani nisingesema.
"Yaani jasho la mtu nisiyemjua ninalo,
la mume wangu sina."

Nje, Shekiondo alishapakia ile ya zamani,
kwa bei ya chuma chakavu, mgongo wake ukiangalia mbingu.
"Wewe! Teremsha!"

Tuliiweka chumbani, juu ya sanduku la nguo.
Nikatafuta deki, nyaya tatu, nyekundu, nyeupe, njano.
Kwanza mvumo, kisha mstari mwembamba wa mwanga,
vinyweleo vya mkono wangu vikasimama.
Halafu Mbwana,
mzima, sikio lake limeingia ukijani kidogo,
anapita uani na dele, anacheka na mtu tusiyemwona.

Sebuleni wakapiga kelele, goli.
Hakugeuka.
Aliinua mkono akalipiga lile chogo kofi moja la upole,
ingawa picha
haikuwa inacheza.