Umeme Unarudi Saa Nane

Mwezi wa kumi Katuba, usiku, bati linalia
kama mtu anayevunja karanga gizani.
Mvua ni mdeni: inapita mbali, upande wa Kipushi,
inanguruma, inaahidi, haitoi kitu.

Jioni nimenunua masuku kwa Mama Mbuyu,
yale yaliyolala siku tatu ndani ya gunia
hata ganda likawa rangi ya kiatu cha shule.
Akaniongeza matano. La sita, akasema, lina funza,
na funza naye ana haki ya kula.

Masuku hayataki kisu.
Unalibana moja kwa vidole gumba, linasema *ka*,
na ndani kuna manjano yanayonata,
mbegu zimeng'ang'ania nyama
kama ndugu wanaogombea kitenge kimoja cha kujifunika.
Tia maji yaliyochemka yakapoa.
Koroga kwa mwiko, koroga,
mpaka mbegu zichoke kushika.
Halafu chujio. Halafu mkono,
maana chujio ni mvivu.

Maembe mawili, ya kwanza ya mwaka, bado makali shingoni.
Nusu ndimu. Maziwa ya unga, vijiko vinne.
Sukari siitaji: mume wangu Kalenga amekatazwa na daktari,
na mistari hii huisoma kabla yenu.

Mama yangu hakuwa na friza.
Alizika mtungi nusu kwenye mchanga uliolowa,
akasema baridi ni subira tu.
Nilidhani anajitetea.

Sasa tunangoja.
Friza ni moja kwa nyumba sita,
ya Baba Monga, fundi wa reli aliyestaafu,
iko sebuleni kwake chini ya kitambaa cha kufuma
kama bibi harusi.
Vikombe vyangu vina uzi mwekundu, vya Feza kijani,
wanafunzi wawili wa chumba cha nyuma
wamefunga chao kwa kamba ya kiatu.

Saa nane na dakika saba balbu inashtuka.
*Umekuja!*
Milango inafunguka, mmoja, mwingine,
tunavuka ua miguu mitupu, macho nusu,
hakuna salamu,
wezi wa mali yetu wenyewe.
Baba Monga ameshika tochi asiyoihitaji tena:
vikubwa chini, vidogo juu,
na tomsoni wa Mama Kisimba kule pembeni, tafadhali,
mwaka jana hata nanasi lilinuka samaki.

Kuganda kunataka saa tano.
Tulipewa tatu na kidogo.
Kabla ya jogoo friza ilikohoa, ikanyamaza,
nami nikiwa macho kitandani, nikahesabu kwa vidole,
nikakosa viwili.

Asubuhi si barafu, si juisi.
Ukingoni imeshika vioo vidogo vidogo,
katikati bado inatembea.
Kijiko kinaingia bila kubisha.
Numbi, miaka sita, analamba kifuniko kwanza,
uso unajikunja wote:
"Mama, meno yangu yamesikia!"
Anarudia ili yasikie tena.

Baba Monga anapokea kikombe kwa kila uzi,
ndiyo kodi yake.
Anakula kwa vituo, kama treni ya zamani:
anasimama, anatazama nje, anaendelea.
Kalenga ameomba vijiko viwili.
Nimehesabu vinne.
Nimegeukia dirisha.

Saa tatu tu, na bati limeanza tena kulia.
Mbegu nimezimwaga nyuma ya ukuta wa choo.
Wanasema masuku hayaoti mjini, yanataka msitu wake.
Sibishi.
Ila maji ya kuoshea vikombe nayapeleka pale,
na leo yamebeba uzi mmoja mwekundu.