Hana

Karatasi imebandikwa mlangoni,
ghorofa ya tatu, Tampere, mwezi wa Februari.
Neno moja kwa kalamu nene: HANA.
Chini yake, saa nne asubuhi.

Shizue Tokunaga, miezi mitano mjini,
mjalidi wa vitabu, kamusi anayo ila haifungui,
maana neno hili analijua tangu chekechea:
ua.
Analetewa, au ameagizwa yeye?
Si mtu wa kukutwa mikono mitupu.
Akavaa buti, akavuka daraja,
akanunua tulipu moja ya njano, bei ya kutisha,
akaificha kotini kama mtoto wa paka.

Jikoni bomba linadondoka,
to, to, to,
tangu Krismasi. Amelizoea
kama saa ya ukutani.

Saa nne kamili. Taisto Hyvärinen, fundi wa jengo,
kavua viatu, soksi ya kulia imetoboka.
Akaona meza, glasi, ua.
Akageuka nyuma: labda kuna mgeni mwingine.
Kisha akanyoosha spana kwenye sinki:
“Hana.”
Shizue akanyoosha kidole kwenye glasi:
“Hana.”
Wakarudia, kila mmoja akidhani mwenzake mbishi,
mpaka fundi akainama kulinusa, kwa adabu tu,
na mama yule akajigusa pua,
“Hana!”
akacheka mpaka akakaa chini.

Maneno haya hayakuchanjiana damu,
hayana babu mmoja, hayana hata utani.
Yamekutana tu, kama wasafiri wawili
waliokatiwa shati kitambaa kimoja,
wanatazamana kituoni kwa haya kidogo.

Nami ninayeandika kwa lugha nyingine kabisa,
kwangu si bomba, si ua, si pua.
Mtu yupo, kitu hakipo,
na sentensi inasubiri kitajwe:
hana nini?
Nimezoea kuijaza huzuni. Hana mke
(Taisto, mwaka wa nne huu). Hana ndugu
upande huu wa dunia.

Leo bomba limenyamaza.
Kahawa imechemka, tulipu imelegea shingo kwa joto,
spana iko sakafuni kando ya ile soksi,
na fundi, mwenye sinki tatu za kutengeneza kabla ya giza,
amevuta kiti.
Hana haraka.