Fungu la Tatu

Mjukuu wangu Ansgari amepewa kazi ya nyumbani:
historia ya uchaguzi katika jimbo letu, Moshi Mjini,
kurasa mbili, kwa mwandiko safi.
Kaniuliza nani alishinda, na kwa kura ngapi.
Majina hayo yapo, nimemwambia, nenda halmashauri.
Mimi nilikuwa nashika karatasi, sikushika washindi.

Miaka arobaini na mitano kituo kile kile,
darasa la tatu B, upande wa Njoro,
madawati yamesukumwa ukutani,
karabai inavuma juu ya meza,
baadaye taa ya umeme,
baadaye karabai tena, umeme ulipokatika.
Unaikunjua kura, unaiinua mawakala waione.
Fungu la huyu.
Fungu la yule.
Na fungu la tatu, lisilo na wakala.

Sabini na tano alama zilikuwa mbili, jembe na nyumba.
Kuna aliyechora mtu mlangoni mwa nyumba
kalishika jembe lile lile.
Mwingine, wa Majengo nadhani,
aliacha visanduku vyote vitupu, akatunga:
"Jembe nalipa mkono, nyumba naipa mgongo."
Mizani imetimia, kura imeharibika.

Themanini: SABUNI.
Herufi kubwa, penseli imetoboa karatasi.
Tulicheka, kisha tukanyamaza,
maana sote pale mezani tulivaa nguo
zilizofuliwa kwa majani ya mpapai.

Tisini na tano karatasi ikarefuka, vyama kwa vyama,
na mtu mmoja mstaarabu aliweka alama ya vema
kwa huyu, na huyu, na huyu, na yule wa mwisho kabisa,
asije akaudhika mtu.

Bibi, anasema Ansgari, hayo hayapo kwenye maswali.

Kuna mwaka tulihesabu mara tatu. Sitautaja.
Fungu la huyu likapungua nne,
la yule likaongezeka sita,
jogoo wa Pasua wakawika, likapungua tena.
Mawakala wamevua makoti, wanatazamana shingoni.
Fungu la tatu lilikuwa kumi na moja,
kumi na moja,
kumi na moja.

Halafu ile ya Kanaeli Mmbando.
Kura ni siri, najua, niliapa mbele ya hakimu.
Lakini kuandika nilimfundisha mimi, chumba hicho hicho,
na mkia wa g yake haukuwahi kukubali mstari,
hata nilipomshika mkono.
Aliandika nyuma ya karatasi, pembeni, kidogo kidogo,
kama anayeogopa kumaliza wino wa serikali:

"Mwalimu, najua utaisoma wewe.
Mama yangu tumemzika Alhamisi.
Nimepanga foleni ili nikae na watu."

Niliiinua, kama sheria inavyotaka,
kwanza mbele, kisha nyuma.
Imeharibika, akasema wakala wa huku.
Imeharibika, akasema wa kule.
Usiku kucha hawakuwa wamekubaliana neno.
Nilikuwa na kalamu nyekundu ya kuandikia jumla.
Nikauogopa mkono wangu, nikaiweka chini.

Ikaingia bahasha, bahasha ikapigwa lakiri,
ikapanda gari na polisi wawili.
Waliosheherekea walipita barabara ya stendi na matarumbeta,
waliolia walilia kimya, nyuma ya maduka yaliyofungwa.
Nani alishinda mwaka ule? Ngoja.
Alikuwa na miwani. Au huyo alikuwa wa kabla yake.

Ansgari ameandika: kura zilizoharibika, asilimia mbili.
Kapiga mstari kwa rula, kaenda kula.

Jumatatu yake watoto waliingia darasani
wakakuta tone jekundu limegandia dawati la mbele.
Mwalimu, hii nini?
Lakiri, nikasema. Ikwangueni taratibu,
msichubue mbao.
Kisha toeni madaftari, tuanze hesabu.