Kioo Hakinijui

Nkwimba ameniletea kishikwambi
kutoka Makoroboi, cha mtumba, kona moja imepasuka,
akakiegemeza mezani kwenye debe la unga.
"Redio yote imo humu, baba. Unagusa tu."
Ile ya zamani, yenye kifundo kizito
kilichojaa kiganjani kama limau,
ameisukumia chini ya kitanda
pamoja na viatu vyangu vya karakana.

Unagusa tu.

Nimegusa.
Miaka thelathini na mmoja, Bandari ya Kusini,
nimeunganisha nyaya za meli,
risasi ya moto ikiniramba ncha za vidole
mpaka zikawa kwato.
Siku ya kusajili laini, kijana wa stendi ya Nyegezi
alinifuta kwa kitambaa, akanifuta kwa shati lake;
mara nne mashine ikasema huyu hayupo.
Laini ikasajiliwa kwa jina la binti.
Na leo kioo nacho: nagusa, kimetulia
kama mwenye nyumba aliyesikia hodi
na anajua ni mtu wa deni.

Walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Waje Bugarika waone.
Nkwimba kwa kimoja tu, tena chenye hina,
anatoka mita arobaini anaingia ishirini,
anabana njia ya sauti, anafifisha kelele,
anapanua maporomoko yale ya buluu
ambamo kila kituo ni uzi wa njano unaoteremka.
Nami dirishani, katikati ya mawe mawili,
naliona Ziwa vilevile:
giza, na karabai za dagaa,
kila taa na mtu wake, kila mtu na masafa yake.
Kisha akavaa koti la zamu, akaenda Bugando.

Saa mbili mvua ikashuka,
ile ya mlimani, inayokuja na changarawe.
Bati letu huvuja palepale kila mwaka.
Tone likadondoka juu ya kioo.

Tone! Halina kitambulisho, halina alama ya kidole,
kioo kikalipokea kama mkwe.
Namba zikakimbia, masafa yakaruka,
kelele ikapungua, na ndani ya mabaki yake
nukta, kistari, nukta:
mtu anaita, polepole,
kama anayepapasa ufunguo gizani.

Tone la pili linakuja. Nalijua, ni pumzi sita.
Litampoteza.
Nikatega sufuria, nikafuta kwa kanga ya marehemu,
nikatafuta kile kifuli kidogo pembeni.
Gumba, kimya.
Cha shahada, cha kati, cha pete, kimya.
Nikabaki na cha mwisho, cha kushoto,
kivivu, hakijawahi kushika hata msumari,
kilikuwa kikining'inia tu wenzake wakiungua.
Kikagusa.
Kifuli kikajifunga. Mwanaharamu yule!

Nikapiga magoti, nikakivuta uvunguni
kigongeo cha shaba, nikapuliza vumbi, nikachomeka waya.
Hiki hakiulizi ngozi.
Hiki kinataka uzito.
Nikagonga alama yake, nikaanza yangu, sijafika nusu
akanikata, herufi nane, moja moja,
kutoka Mangalore, mvua yetu ikizimeza na kuzitema:
L, U, S, H, I, N, G, E?

Devaraj. Miaka tisa hatujakutana hewani.
Alipooza mke wake, mimi nikafiwa na wangu,
na kifundo kile kikaanza kushika kutu.
Nikamuuliza, umenijuaje? Jina sijataja.

Akakaa kidogo. Sufuria ikapokea tone.

Mkono wako, akasema.
Kistari chako cha mwisho
bado kinaburuta mguu.