Haipo

Studio ya Shaame, Wete, mlango wa samawati,
pazia mbili nyeusi, moja nyuma ya nyingine,
na harufu ya siki hata kwenye kanzu ya Ijumaa.

Bi Raya aliilaza picha juu ya kioo:
yeye, mama yake, na Mbarouk nduguye,
Idi ya mwaka ule.
"Mtoe," alisema.
"Kwa wembe?"
"Kwa utakacho. Kachukua fedha yangu yote ya karafuu.
Nawe ichukue yake."

Shaame alicheka kwa pua.
Mama wa watu hakujua kwamba kasema kemia.
Maana weusi wa koti lile, weusi wa nywele,
si wino. Ni fedha, hiyo hiyo ya vikuku,
imesagika mpaka ikasahau kung'aa.

Akanipa brashi. Bakulini dawa,
manjano ya samli iliyoyeyuka.
"Hii ina pengo, pengo la elektroni moja.
Fedha inayo ya kutoa, ila ina uchoyo.
Ndipo anapoingia bromidi, dalali,
akaivuta pembeni, akaishika mkono.
Bila dalali mali haitoki."

Nikauliza nguvu yake.
"Theluthi ya volti. Betri ya tochi
inaishinda mara tano.
Watu wamefilisiwa kwa kidogo kuliko hicho."

Nikapaka. Koti likawa kahawia, likawa moshi.
Kidevu. Sikio lile lililochomoza.
Macho yalikawia, kama mtu aliyeitwa
angali na tonge mkononi.
Kisha karatasi tupu, sahani iliyorambwa,
na mkono wa mama yake
umeshika bega la hewa.

Bi Raya alivua miwani. Akaivaa.

"Bado yumo," Shaame akamwambia. "Kawa chumvi tu,
kakaa pale pale alipokuwa.
Nikimtia kwenye dawa ya mwisho, tunaiita haipo,
na jina lake ndilo kazi yake,
atatoka na maji mpaka mtaroni.
Nimtie?"

Akaichukua karatasi ikiwa mbichi.
Hakulipa, nasi tulisahau kumdai.
Akapanda nayo njia ya Limbani,
uso wa picha juu, adhuhuri,
kapita kando ya majamvi ya karafuu,
na jua, ambalo hakuna aliyeliuliza,
likaanza kurudisha:
elektroni moja.
Moja tena.

Aliyekutana naye huko juu alinambia
aliona mama, aliona binti,
na baina yao kivuli cha zambarau
kisicho na macho bado.