Kishungi

Mkasi niliuchemsha kwenye sufuria ya kahawa,
maana sanduku la vifaa lilisahaulika Santarém
na mashua ya kliniki hairudi hadi Alhamisi.
Shangazi Zenaide aliketi juu ya kreti la soda,
akaniinamishia kisogo.
"Kata," alisema, "ila usinifanye kituko,
Jumapili kuna ubatizo."

Nikakata kishungi chembamba kama njiti ya kiberiti,
nikakifunga uzi upande wa mzizi,
nikaandika juu ya bahasha: 041.
Jina halitakiwi. Sayansi nayo ina adabu zake.

Unywele huota sentimita moja kwa mwezi.
Hukua kimya, na kila kipitacho damuni hukiandika,
haufuti, hausamehi.
Maabarani, chini ya feni inayolalamika,
tulikata kishungi vipande, kila kipande na mwezi wake:
hapa Aprili, mto ulipopanda hadi ngazi ya nne,
samaki wakatawanyika msituni, wakala maharage;
hapa Septemba, mto ulipokonda,
na Shangazi akala tukunare asubuhi, mchana, jioni,
tukunare, samaki alaye samaki walao samaki,
kila mdomo ukirithi deni la mdomo uliomezwa.
Aprili, kumi na moja. Septemba, ishirini na tatu.
Daktari Nakashima aliunganisha nukta kwa penseli.
"Mstari mzuri," akasema,
halafu akanitazama, akavua miwani, akaifuta
ingawa ilikuwa safi.

Zebaki ni fedha iliyokataa kuganda.
Ukiimwaga mezani hutawanyika
kama watoto waliosikia kengele.
Kaka yangu Valdemir huimimina kwa mkono mtupu
huko juu, kwenye chelezo kinachonyonya tumbo la mto.
Huikanda na mchanga hadi imkamatie dhahabu,
kisha huichoma kikaangoni; moshi unapaa,
mvua inaurudisha.
Ada yangu, miaka minne ya kemia,
ilikuja ndani ya kopo la maziwa ya unga,
punje za njano katika kipande cha gazeti la michezo.
Jina la sumu nilifundishwa kwa pesa ya sumu.
Hili halimo kwenye ripoti. Halina safu yake.

Mvua zilipoanza nikarudi na majibu.
Nikabandika bango ukutani mwa shule:
samaki wa kijani, kula; samaki mwekundu, mara moja kwa wiki.
Mzee Eusébio akanyoosha mkono:
"Huyo mwekundu tumwambie nani asiingie wavuni?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Jandira, mwenye mimba ya miezi saba, hakucheka.
"Mwanangu," akauliza, "ana nywele tayari?"

Nilijua jibu. Limo katika kitabu, ukurasa una picha.
"Anazo," nikasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliovaa nguo.
Chetu kimo nyweleni,
kinaota nasi, tunakichana, tunakisuka, tunakitia mafuta.

Usiku Shangazi alimimina kahawa, nusu ikaingia kisahanini.
Uzee, alisema. Ana miaka arobaini na sita.
"041 ni mimi?"
"Namba ni siri, Shangazi."
"Siri ya nani? Nywele zangu."
Nikamwambia. Mwezi kwa mwezi nikamwambia,
naye akawa anaitikia kwa matukio:
Juni, ndiyo, harusi ya Cleonice; Agosti, wavu mpya.
Nilipomaliza akakaa kidogo,
akautwaa mkasi juu ya meza.
"Inama."

Baridi ya chuma ikanigusa shingoni.
Akafunga uzi, upande usio wa mzizi, nikamrekebisha.
Juu ya bahasha, kwa mkono uliokuwa ukitafuta mstari,
akaandika 042, mbili yake imelala
kama kitu kilichotolewa majini.
"Na Valdemir akija," akasema, "anza naye kabla hajala."
Kisha akafunua sufuria.
Tukunare alikuwa ameiva, na hakukuwa na kingine.