Tarehe Thelathini na Mbili

Kiini kiwe chembamba: ndivyo tulivyokubaliana
mimi na Vendula wa Olomouc, miaka kumi na tisa iliyopita,
yeye akiandika msimbo usiku, mimi alfajiri,
hapa Turku, jikoni, soksi za sufu miguuni,
mto Aura umeganda na kahawa yangu iko njiani kuganda.
Kalenda tu. Bure kwa yeyote. Ihesabu siku, basi.
Mengine yote, rangi, kengele, awamu za mwezi,
ratiba za mpira wa magongo,
ni viraka vya hiari: anayevitaka avishone mwenyewe
na avifue mwenyewe vikichafuka.

Usidhani ni uchoyo.
Kila "ndiyo" niliyowahi kuitamka ina mdomo, na inakula.
Yule kijana wa Gdańsk aliyetaka kalenda itabiri mvua
alileta msimbo wake Jumatatu, tukampokea kwa vifijo.
Ijumaa akapata kazi, akaenda zake.
Mvua yake nimeilea miaka sita.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
mpaka akuachie mlangoni.

Basi Nirupama Adhikari alipoandika kutoka Butwal,
muuguzi, mwenye daftari la chanjo za watoto,
kwamba mwezi wa Asar kwao mwaka huu una siku thelathini na mbili,
mwaka mwingine thelathini na moja,
na kwamba hakuna kanuni ya kukokotoa, kuna jedwali tu,
jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kusoma:
Asante sana. Wazo zuri. Tengeneza kiongezi.

Akatengeneza.
Wiki mbili, akarudi, mpole kama sindano:
"Kiongezi kinafanya kazi, isipokuwa siku ya mwisho.
Kuna mtoto amezaliwa tarehe thelathini na mbili.
Programu yako inasema tarehe hiyo haipo.
Mtoto yupo. Nimempima: kilo tatu na robo."

Nikafungua kiini, faili ya kwanza kabisa,
mstari wa arobaini: *siku isizidi thelathini na moja.*
Mkono wangu. Hakuna aliyeupigia kura.
Na chini yake, nilikuwa nimesahau kabisa,
orodha ya siku za majina, kama tunavyosherehekea huku,
Tyyne, Oiva, Hilppa, kila asubuhi na mwenyewe.
Miaka kumi na tisa watu wa Lima na Hanoi
wameamka wakikumbushwa kumpongeza Hilppa,
ndani ya kiini chembamba.

Vendula alicheka kwenye simu hadi akakohoa.
"Niliiona tangu siku ya kwanza," akasema.
"Nikadhani Hilppa ni mama yako."

Ni mama yangu.

Usiku ule niling'oa ukuta wa thelathini na moja.
Kiini sasa hakijui mwezi una siku ngapi. Kinauliza.
Kuuliza kumechukua mistari tisa;
kujua kulikuwa kumechukua mia mbili.
Majina nikayatoa nje, yakawa kiongezi kama viongezi vingine,
na asubuhi, nikimtaka mama arudi kwenye skrini yangu,
nikapita kwa mara ya kwanza mlango wa uani
wa nyumba niliyoijenga mwenyewe.
Hatua kumi na moja. Ya saba imevunjika.

Nikamwandikia Nirupama: je, kwenu pia, ya saba?
"Ndiyo," akajibu, "hapo kila kitu hukwama.
Huwa tunazima mashine, tunaiwasha, tunaendelea.
Tulidhani ndiyo desturi yenu."

Ya saba nimeitengeneza.
Vendula anasema sasa mvua nayo itoke.
Nachungulia dirishani kabla ya kumjibu.